Kutoka Pemba hadi Algeciras: majina ya miji ya Hispania yana maana gani, na kwa nini Mswahili anaelewa nusu yake bila kujua

Msoma Ramani ameandika:

Salaam, wanajukwaa. Wanajiografia na mabaharia Waarabu wa zamani walikiita kisiwa cha Pemba Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na yeyote aliyewahi kukiona kutoka baharini hawezi kuwalaumu. Jina hilohilo walilitumia pia kusini mwa Hispania, kwenye ghuba inayotazamana na Gibraltar, ila huko Wahispania walilibana mdomoni karne baada ya karne mpaka likawa Algeciras. Ukijani ulidondoka njiani, ikabaki jazira peke yake. Hata kisiwa chenyewe leo hukioni, kwa sababu Isla Verde, kile kisiwa kidogo kilichouzalia mji jina lake, kimeunganishwa na nchi kavu na kumezwa na bandari.

Nimefungua uzi huu kwa sababu naona watu wakiyachukulia majina ya Hispania kuwa sauti tupu za timu za mpira, ilhali msomaji wa Kiswahili ana ufunguo wake mkononi. Tangu mwaka 711, Tariq bin Ziyad alipovuka mlango wa bahari, hadi mwaka 1492 Granada ilipoanguka, sehemu ya rasi ya Iberia, mwanzoni kubwa na baadaye ndogo, ilikuwa chini ya watawala Waislamu, na Kiarabu chao kiliganda kwenye mito, ngome na vijiji. Maneno yaleyale yalitufikia sisi kwa njia nyingine kabisa, ya jahazi na biashara. Kwa hiyo Mhispania na Mswahili ni kama watoto waliolelewa na yaya mmoja katika nyumba mbili tofauti: hawafahamiani, lakini wana maneno yanayofanana.

Tofauti kubwa iko kwenye kichwa cha neno. Wahispania walilichukua neno pamoja na ile *al* ya Kiarabu, sisi mara nyingi tukaiacha. Sisi tunasema sukari, wao azúcar. Sisi tuna kadhi, wao wana alcalde, ambaye siku hizi ni meya. Diwani yetu kwao imekuwa aduana, yaani forodha. Waliosoma chuoni wanajua kwamba lamu, yaani l, ya *al* humezwa inapofuatwa na zile ziitwazo herufi za jua, kama s na z, na ndiyo maana unapata azúcar badala ya alzúcar. Sisi tuliiacha *al* ibaki katika maneno machache tu, kama alfajiri, alasiri na Alhamisi. Ukishaijua kanuni hii ndogo, chukua ramani, ondoa *al* mwanzoni, kisha usikilize kinachobaki.

Alcázar ni kasri. Liko Alcázar la Sevilla, liko la Segovia, na uko mji mzima unaoitwa Alcázar de San Juan. Neno hili lina safari ya kuchekesha, kwa sababu Waarabu wenyewe walilipata kutokana na *castrum* la Kilatini, yaani kambi ya jeshi. Lilitoka kwa Warumi likaenda mashariki, likavaa kanzu, kisha likarudi Iberia likiwa mgeni, likawakuta ndugu zake wa damu, kina Castro na Castilla, wasilitambue.

Albufera, lile ziwa la kando ya bahari karibu na Valencia, ni *al-buhayra*, bahari ndogo. Axarquía, nchi ya vilima iliyo mashariki mwa Málaga, ni mashariki yetu ikiwa na *al* yake iliyomezwa. Ukivuka mpaka ukaingia Ureno, Algarve ni *al-gharb*, mzizi wa magharibi yetu. Miji inayoitwa Alhama, ya Granada, ya Murcia na ya Aragón, yote ina chemchemi za maji ya moto, kwa kuwa *al-hamma* ndiyo chemchemi ya namna hiyo. Mzizi wake ndio uliotupa homa, na ndio uliotupa hamamu. Yeyote aliyepita Hamamni pale Mji Mkongwe, kwenye bafu zilizojengwa enzi za Sultani Barghash, amepita mbele ya binamu wa Alhama.

Ninaoupenda zaidi ni mji wa Almadén, mkoani Ciudad Real. Kwetu madini ni kile kinachotolewa ardhini, lakini kwa Kiarabu *ma'din* ni mahali kinapotolewa, yaani mgodi, na Almadén ni Mgodi tu, kana kwamba hapakuwa na mgodi mwingine duniani. Tangu enzi za Warumi hapo palichimbwa jiwe jekundu ambalo likichomwa hutoa zebaki. Zebaki kwa Kihispania cha zamani ni *azogue*, na ukiivua ile *al* iliyomezwa unamkuta zebaki wetu mwenyewe, neno lilelile la Kiarabu. Kuanzia katikati ya karne ya 16, zebaki ya Almadén ilipakiwa melini kwenda Meksiko, kwa sababu ndiyo iliyotumika kutenganisha fedha na mawe yake. Bila mji huo mdogo, utajiri mwingi wa wafalme wa Hispania ungebaki umefungiwa ndani ya miamba. UNESCO iliuandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2012, pamoja na mgodi wa Idrija wa Slovenia.

Neno moja kubwa Kiswahili hakikulichukua, nalo ni *wadi*, yaani bonde au mto. Midomo ya Wahispania haikuipenda w mwanzoni mwa neno, wakaigeuza gu, kama walivyomgeuza Wilhelm wa Wajerumani kuwa Guillermo. Ndiyo sababu ramani yao imejaa Guad. Guadalquivir, unaopita Córdoba na Sevilla, ni *al-wadi al-kabir*, mto mkubwa. Warumi waliuita Baetis. Guadalajara ni bonde la mawe, na anayelijua jina la Hajarul Aswad ataisikia *hijara* hapo. Guadiana ni wadi iliyopachikwa mbele ya jina ambalo Warumi walilikuta, Anas. Guadix ni wadi iliyokutana na Acci, koloni la Kirumi.

Mnaona basi kinachotokea. Anayekuja haulizi jina lina maana gani. Analisikia, analitamka apendavyo, kisha anaongeza neno lake mwenyewe mbele. Leo Mhispania akisema río Guadalquivir amesema Mto wa Mto Mkubwa. Kule Alcántara, mpakani na Ureno, lipo daraja la mawe lililojengwa enzi za Kaisari Trajan, mwanzoni mwa karne ya 2. *Al-qantara* ni daraja, kwa hiyo Puente de Alcántara ni Daraja la Daraja. Tusiwacheke sana, kwani sisi husema jangwa la Sahara, na Sahara maana yake ni majangwa.

Naomba mchango wenu. Na mwenye kuona nimekosea anisahihishe bila kuona haya.

Mzawa wa Wete ameandika:

Maalim, ahsante kwa kukitaja kisiwa chetu. Nina maswali mawili. La kwanza, kanuni yako ya kuvua *al* naogopa itatupoteza. Nimejaribu kwa Altamira, penye michoro ya kale ya pangoni, nikapata tamira, nisijue pa kwenda nayo. La pili, ikiwa Kiarabu ndicho kilichoandika ramani hiyo, mbona majina makubwa zaidi, kama Zaragoza, Cádiz, León na Hispania yenyewe, hayana harufu ya Kiarabu hata kidogo?

Msoma Ramani ameandika:

Ndugu yangu wa Wete, umenikamata mahali pazuri. Altamira ni Kihispania kitupu: *alta*, ya juu, na *mira*, mtazamo. Ni mahali pa kuangalia kutoka juu. Kwa hiyo kanuni yangu ni ya kubisha hodi tu, si ya kuvunjia mlango. Inakwama hata kwenye majina ambayo ni ya Kiarabu kweli, kwa sababu Kiarabu chenyewe huiondoa *al* neno linapomilikiwa na jingine. Alcalá ni *al-qal'a*, ngome. Ipo Alcalá de Henares, alikozaliwa Cervantes mwaka 1547. Lakini Calatayud ni *Qal'at Ayyub*, Ngome ya Ayubu, na *al* haipo. Hali kadhalika Medinaceli ni *Madinat Salim*, mji wa Salim. Na pwani ya Valencia imejaa majina yanayoanza na Beni, yaani wana wa fulani. Benicàssim ni Bani Qasim, ukoo wa Kasimu. Hiyo ni *bin* yetu katika wingi, ileile iliyo ndani ya binadamu.

Kuhusu swali la pili, Waarabu hawakuikuta nchi isiyo na majina. Walikuta yamesharundikana, wakayafanyia walichokuja kufanyiwa wao baadaye. Cádiz ilianzishwa na Wafoinike, mabaharia wa pwani ya Lebanoni ya leo, wakaiita Gadir, mahali palipozungushiwa ukuta. Warumi wakasema Gades, Waarabu Qadis, Wahispania Cádiz. Zaragoza ni Caesaraugusta, mji wa Kaisari Augusto. Mtu wa kawaida hawezi kutoka Caesaraugusta hadi Zaragoza kwa hatua moja, lakini ukimpitisha kwa Waarabu, waliosema Saraqusta, njia inaonekana. Sevilla ndivyo hivyo: Hispalis, Ishbiliya, Sevilla. Kiarabu hapo hakikuzaa jina, kilikuwa daraja tu.

León ni mtego. Ngao ya mji ina simba, bendera ina simba, na *león* kwa Kihispania ni simba kweli. Lakini mji haukupewa jina la mnyama. Katika karne ya 1 hapo palikuwa na kambi ya jeshi la Kirumi, Legio VII Gemina, na Legio ndiyo iliyochakaa kuwa León. Baadaye watu walisikia simba ndani ya jina, wakamchora. Simba huyo amezaliwa na sikio.

Cartagena nayo inanifurahisha kila nikiifikiria. Watu wa Karthago, ambao walikuwa uzao wa Wafoinike, waliuita mji wao wa kwao Qart Hadasht, Mji Mpya. Walipojenga mwingine Hispania, wakaupa jina hilohilo. Warumi walipouteka wakauita Carthago Nova ili kuutofautisha na ule wa Afrika, bila kujali kwamba Carthago tayari ina upya ndani yake. Ukawa Mji Mpya Mpya. Mwaka 1533 Pedro de Heredia akaanzisha mwingine pwani ya Kolombia, ukaitwa Cartagena de Indias, nao hivi sasa ni mkongwe wa karibu miaka mia tano.

Sasa Hispania yenyewe. Warumi walisema Hispania, lakini neno si lao. Maelezo yanayopendwa zaidi, ingawa yanabishaniwa mpaka leo, ni kwamba Wafoinike walipotia nanga waliona vijinyama vingi vikikimbia mawe kwa mawe, wakavifananisha na mnyama wa kwao aitwaye *shafan*, wakaiita nchi hiyo pwani ya shafan. Walichokiona kilikuwa sungura. Na shafan ni nani? Ni pimbi. Biblia ya Kiswahili humwita wibari, yule ambaye Zaburi ya 104 inasema magenge ni kimbilio lake. Hispania haina pimbi hata mmoja, sisi tunao tele, na ikiwa maelezo hayo ni ya kweli basi jina la nchi hiyo limejengwa juu ya mnyama ambaye hajawahi kukanyaga huko. Warumi kwa upande wao waliukubali mfano wa sungura: sarafu za Kaisari Hadrian zinaionyesha Hispania kama mwanamke aliyejinyoosha, sungura akiwa karibu naye.

Kisa kama hicho kiko kwenye visiwa vya Kanari. Wengi hudhani vimeitwa hivyo kwa sababu ya chiriku wa manjano, kumbe chiriku ndiye aliyeitwa kwa jina la visiwa. Visiwa vyenyewe, kwa maelezo ya Plinio Mrumi, vina jina la mbwa, *canis* kwa Kilatini.

Baba Ksaveri ameandika:

Mkuu, mwanangu wa kwanza nilimbatiza Ksaveri, kwa heshima ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Siku zote nilidhani ni jina la mtu tu, kama Petro au Paulo. Jirani yangu ananiambia ni jina la mahali. Je, ni kweli?

Msoma Ramani ameandika:

Jirani yako amesema kweli, Baba Ksaveri, na mwanao ana jina zuri kuliko ulivyofikiri. Mtakatifu huyo alizaliwa mwaka 1506 katika ngome ya Javier, huko Navarra, na alijulikana kwa jina la kwao kama tunavyoweza kumtambulisha mtu kwa kijiji chake. Javier si Kihispania wala Kiarabu wala Kilatini. Ni Kibaski, lugha ya milima ya kaskazini ambayo haina undugu unaojulikana na lugha nyingine yoyote ya Ulaya. *Etxe* ni nyumba, *berri* ni mpya. Etxeberri ikalegea kuwa Xavier. Kwa hiyo mwanao ni Nyumba Mpya.

Mbona wewe unaandika Ksaveri na Wahispania wanaandika Javier? Herufi x katika Kihispania cha zamani ilitamkwa sh. Jina lilitamkwa Shavier. Baadaye sauti hiyo ilirudi nyuma kooni ikawa kama kh yetu, na tahajia ikabadilishwa kuwa j. Sisi tulilipata kupitia Kilatini cha kanisa, Xaverius, tukaisoma x kama ks. Badiliko hilohilo liliupata mji wa Jerez: Waarabu waliuita Sharish, Wahispania wakaandika Xerez, kisha Jerez. Waingereza waliokuwa wakinunua mvinyo wake kabla sauti haijageuka waliusikia kwa sh, na mvinyo huo wanauita *sherry* hadi leo. Jerez ina mkia, de la Frontera, yaani ya mpakani, kama ilivyo kwa Arcos, Vejer na Morón, kwa sababu kwa miaka mingi upande huo ndio uliokuwa mstari kati ya falme za Kikristo na ufalme wa Granada.

Tukiwa hapo kwa Wabaski, bonde la Arán, milimani kaskazini, kwa Kihispania ni Valle de Arán, na *haran* kwa Kibaski ni bonde. Bonde la Bonde.

Na huyu Nyumba Mpya alifika kwetu. Mwaka 1542, akiwa njiani kutoka Msumbiji kwenda Goa, meli yake ilitia nanga Malindi.

Mtazamaji wa Nchi za Mbali ameandika:

Ndugu mwanzisha uzi, unatufaidisha, lakini umekaa Ulaya mno. Majina mengi ya Kihispania yanayotajwa redioni yako Amerika. Nilikuwa na mwenzangu kazini kutoka Buenos Aires, akawa anajisifia kwamba mji wao una hewa safi tangu uanzishwe. Naye ana haki hiyo?

Msoma Ramani ameandika:

Mwenzako aendelee kujisifia, ila jina halimsaidii sana. Pedro de Mendoza alipoanzisha makazi hapo mwaka 1536 aliyaweka chini ya Mama yetu wa Buen Aire, ambaye mabaharia walimwomba awape upepo mwema wa safari. Ibada hiyo ilitoka Cagliari, kisiwani Sardinia, kwenye kilima kiitwacho Bonaria, na kilima hicho ndicho kilichosifiwa kwa hewa yake nzuri. Hewa safi ni ya Sardinia. Makazi ya Mendoza yalishindwa, na mji wa sasa ulianzishwa upya na Juan de Garay mwaka 1580. Mto ulio mbele yake ni Río de la Plata, mto wa fedha, na Argentina ni fedha hiyohiyo kwa Kilatini, ingawa fedha yenyewe ilikuwa mbali sana, kwenye milima ya Bolivia ya leo. Walilipa eneo jina la kile walichotumaini kukipata.

Kule Amerika walifanya mambo mawili kwa wingi. La kwanza, walihamisha majina ya kwao bila kuangalia kama yanafaa. Nuño de Guzmán alikuwa mzaliwa wa Guadalajara ya Hispania, na mji ulioanzishwa chini yake Meksiko mwaka 1532 ukaitwa hivyo; makazi yakahamishwa mara kadhaa hadi kutulia mahali pa sasa mwaka 1542, huku yakibeba kila mahali jina la Kiarabu la bonde la mawe ya nchi nyingine. Mérida ina hadithi yenye akili zaidi. Ile ya Hispania ni Emerita Augusta, mji ambao Warumi waliwajengea askari wastaafu mwaka 25 kabla ya Kristo, na magofu yake bado yamesimama. Wahispania walipofika rasi ya Yukatani waliyakuta majengo makubwa ya mawe ya Wamaya mahali paitwapo T'hó, yakawakumbusha magofu ya kwao. Mwaka 1542 wakapaita Mérida, kisha wakayabomoa wapate mawe ya kujengea.

La pili, walisikia vibaya. Cuernavaca kwa Kihispania ni pembe la ng'ombe, na mgeni anaweza kuutazama mji huo akitafuta ng'ombe. Watu wa hapo, wasemaji wa Kinahuatl, walipaita Cuauhnahuac, karibu na miti. Mhispania hakuweza kulitamka, akachukua maneno mawili ya lugha yake yanayokaribia sauti hiyo, akayabandika. Ni kosa lilelile la simba wa León, ila huku aliyesikia vibaya alikuwa na upanga.

Puerto Rico nako kulitokea kiinimacho. Kisiwa kiliitwa San Juan, bandari yake ikaitwa Puerto Rico, bandari tajiri. Polepole majina yakabadilishana viti, kisiwa kikawa Bandari Tajiri na bandari ikawa Mtakatifu Yohana.

California nimeiweka mwisho kwa makusudi. Jina hilo linatoka kwenye riwaya ya mashujaa iliyochapishwa Hispania mwaka 1510, ambamo kuna kisiwa chenye dhahabu nyingi kinachokaliwa na wanawake weusi pekee, wapiganaji, chini ya malkia wao Calafia. Mabaharia walioipenda hadithi hiyo walifika rasi moja upande wa Pasifiki, wakadhani ni kisiwa, wakaipa jina la kitabuni. Wataalamu wengi wanaona kwamba Calafia limechongwa kutokana na khalifa. Ikiwa ni hivyo, jimbo tajiri kuliko yote ya Marekani linabeba cheo ambacho kwetu ni jina la kawaida tu. Pengine hata mtaani kwako yuko Khalifa.

Mzawa wa Wete ameandika:

Maalim, naomba kuongeza moja. Afrika tunayo nchi inayosema Kihispania, nayo ni Guinea ya Ikweta. Mbona majina yake hayasikiki kama ya Kihispania?

Msoma Ramani ameandika:

Kwa sababu mengine yalikuwa ya Kireno tangu mwanzo, na mengine yamefutwa. Wareno ndio waliotangulia: kisiwa cha Annobón ni Ano Bom, Mwaka Mwema, kwa kuwa walikiona siku ya Mwaka Mpya, na kisiwa kikubwa kilipewa jina la baharia wao Fernão do Pó, ambalo Wahispania walilitamka Fernando Poo. Hispania ilivipata visiwa hivyo kwa mkataba wa mwaka 1778. Mji mkubwa wa Fernando Poo ulianza na Waingereza kwa jina la Port Clarence, baadaye ukawa Santa Isabel wa Wahispania. Nchi ilipata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968, na mwaka 1973 Santa Isabel ukawa Malabo, jina la mfalme wa Wabubi, wenyeji wa kisiwa hicho. Kisiwa chenyewe kilikuwa na bahati mbaya zaidi, kwani mwaka huohuo Rais Macías Nguema alikipa jina lake mwenyewe. Alipopinduliwa mwaka 1979 kikaitwa Bioko, na hivyo ndivyo kinavyoitwa sasa.

Hispania yenyewe ina aibu ya aina hiyo. Mji wa Ferrol, alikozaliwa dikteta Franco, ulilazimika kuitwa El Ferrol del Caudillo, Ferrol ya Kiongozi, kuanzia mwaka 1938. Mkia huo uliondolewa mwaka 1982, miaka saba baada ya kufa kwake.

Baba Ksaveri ameandika:

Mkuu, la mwisho kutoka kwangu. Nimeona mji unaoitwa Matamoros. Nikafungua kamusi: *matar* ni kuua, na *moros* ni Waislamu wa Afrika Kaskazini. Watu wanawezaje kuishi na jina kama hilo?

Msoma Ramani ameandika:

Wengine hawawezi, Baba Ksaveri. Katika mkoa wa Burgos kulikuwa na kijiji cha watu wachache mno kiitwacho Castrillo Matajudíos, yaani Castrillo Ua-Wayahudi. Mwaka 2014 wanakijiji walipiga kura, 29 wakitaka libadilishwe na 19 wakitaka libaki. Tangu mwaka 2015 rasmi ni Castrillo Mota de Judíos, kilima cha Wayahudi. Hoja ya waliotaka badiliko ilikuwa kwamba wanarudisha jina la zamani: mahali hapo palikuwa kweli makazi ya Wayahudi, na *mota*, kilima, ndiyo iliyogeuka *mata* kwa kalamu ya mtu fulani. Kijiji kimoja mkoani Badajoz, Valle de Matamoros, kimebaki na jina lake.

Matamoros uliyoiona wewe, kama ni ile ya Meksiko kwenye mpaka na Marekani, ni jambo jingine. Matamoros lilikuwa lakabu ya Mtakatifu Yakobo, Santiago, ambaye askari wa Hispania waliamini anawapigania vitani. Kisha likawa jina la ukoo la watu wasio na ugomvi na mtu. Mmoja wao alikuwa Mariano Matamoros, padri aliyeingia katika vita vya kuitoa Meksiko mikononi mwa Hispania. Alikamatwa na majeshi ya mfalme akapigwa risasi Februari 1814, na mji wa mpakani ukaitwa kwa jina lake mwaka 1826. Mji alimouawa wakati huo uliitwa Valladolid, jina lililoletwa kutoka Hispania. Miaka miwili baada ya mji wa mpakani kuitwa Matamoros, nao ukabadilishwa jina: leo ni Morelia, kwa heshima ya Morelos, padri mwenzake katika vita hivyo, aliyezaliwa humo.